Dhana ni Mtaa: Kusikiliza Kibera Ukiwa Kawangware

Rapa wa Nairobi hukwambia mtaa wake kabla hajakwambia jina lake. Biti haijamaliza sekunde kumi na tayari unajua anatoka wapi, anashukia stage gani, na mathree ya namba gani humpeleka keja. Kuna wanaosema hayo ni mazoea tu, kitu kila mse hufanya kwa sababu Wamarekani walikifanya Bronx na Compton. Sikatai. Lakini nimesikiliza hip hop ya hii city miaka mingi nikiwa Kawangware, na naamini kuna jambo kubwa zaidi. Hapa kwetu mtaa si picha ya nyuma ya wimbo. Mtaa ndio dhana yenyewe ya albamu. Na kama ni hivyo, tuna haki ya kuuliza maswali magumu: nani aliichagua hiyo dhana, nani anailipia, na nani anaachwa nje?

Tuelewane kwanza kuhusu neno. Albamu ya dhana ni ile ambayo nyimbo zake zimeshikana mikono. Zinabeba hadithi moja, au swali moja, au mahali pamoja, kiasi kwamba ukizicheza ovyoovyo kuna kitu kinapotea. Mwaka 1999 Prince Paul, produsa wa New York, alitoa A Prince Among Thieves, hadithi ya kijana anayetaka pesa za kurekodi demo, akaingia kwa biashara ya mihadarati ili azipate. Kila wimbo ni tukio. Mwaka 2012 Kendrick Lamar akatoa good kid, m.A.A.d city, maisha ya kijana wa Compton yakiwa yamebanwa ndani ya siku moja, na katikati ya nyimbo unasikia wazazi wake wakiacha ujumbe kwa simu, mamake akitaka gari lake lirudishwe. Hilo gari ndilo uzi. Ukiruka nyimbo unapoteza gari, na ukipoteza gari hujui tena kwa nini kuchelewa kwa huyo kijana kunatisha.

Sasa, mbona Nairobi haina nyingi za namna hiyo? Si kukosa akili. Ni hesabu. Studio ya mtaani hulipwa kwa wimbo, si kwa albamu. Mse anaenda na doo ya wimbo mmoja, anarekodi, halafu anarudi kutafuta doo ya mwingine. Kati ya wimbo wa kwanza na wa kumi kunaweza kupita miaka miwili, maprodusa watatu, na simu moja iliyoibiwa ikiwa na mistari yote ndani. Redio ikikupenda, inapenda wimbo mmoja. Skiza inalipa kwa kipande ambacho mtu anasikia akingoja simu ishikwe. Deejay wa mathree anakata wimbo ukianza tu kumboesha. Na zamani za River Road, kaseti yako ingeweza kuuzwa na watu hujawahi kuwaona. Katika hiyo safari yote hakuna mahali ambapo mtu anakulipa kwa sababu wimbo wa saba unajibu wimbo wa pili.

Kwa hivyo msanii wa andagraundi hutumia gundi ambayo haigharimu kitu. Hutumia mahali. Hata nyimbo zikirekodiwa miaka tofauti, kwa studio tofauti, mtaa ni ule ule: choo cha kulipia, mama mboga, karao, mvua ikigonga mabati. Mtaa unafanya kazi ile ambayo gari la mamake Kendrick linafanya. Unashikilia.

Hii njia haikuanzia Kibera wala Kawangware. Ilianzia Eastlands. Kalamashaka, vijana watatu wa Dandora, walitoka na Tafsiri Hii mwaka 1997, wakati rap ya Kiingereza ndiyo ilionekana ya maana, wakaonyesha kwamba Kiswahili cha mtaa kinaweza kubeba hasira na hesabu kwa wakati mmoja. Albamu yao, Ni Wakati, ilifuata 2001. Kando yao kikaota kikosi kikubwa zaidi kilichojiita Mau Mau, ambacho baadaye kiliungana na Ukoo Flani wa Mombasa. Hebu simama kidogo kwa hilo jina. Wakoloni walipiga Mau Mau marufuku mwaka 1950, na Kenya huru ikaiacha hiyo marufuku ikae kwa sheria hadi 2003. Yaani vijana wa Dandora walianza kujiita kwa jina ambalo kisheria bado lilikuwa haramu. Kabla ya kutoa albamu yoyote ya dhana, walikuwa wameshaishi ndani ya dhana.

Mwaka 2004 ikaja Kilio Cha Haki. Produsa kutoka Uholanzi, Nynke Nauta, aliwaleta pamoja marapa wengi wa Eastlands, na mapato yakasaidia kujenga studio Dandora. Ni albamu ya midomo mingi. Hakuna msimulizi mmoja wa kukushika mkono, na mtu aliyezoea hadithi ya mhusika mmoja anaweza kusema haina mpango. Mimi nasema mpango uko kwa jina. Kilio kwa Kiswahili si machozi tu. Kilio ni msiba, ni watu kukaa pamoja usiku, kila mmoja akiinuka kwa zamu kusema alichonacho, na hakuna anayelazimika kumalizia sentensi ya mwenzake. Ukiisikiliza hivyo, ule mpishano wa sauti unaacha kuwa fujo. Unakuwa matanga.

Lakini kilio kina shida moja. Ukililia haki, kuna mtu unayemlilia, na huyo mtu amekaa juu yako. Jina linakubali kwamba haki iko mkononi mwa mwingine. Miaka miwili baadaye Ukoo Flani Mau Mau wakatoa Dandora Burning, na hapo naona hatua mbele. Hakuna anayeombwa. Ni taarifa tu: huu mtaa unaungua. Na ukikumbuka jaa la taka la Dandora, na moshi wake ambao watoto huvuta wakienda shule, hata si sitiari sana. Kutoka kulia hadi kuripoti, ndani ya miaka miwili. Hayo ndiyo mabadiliko ninayotafuta nikisikiliza albamu mbili za watu walewale.

Kibera ilikuja na tatizo la kinyume. Shida ya Dandora ilikuwa kutosikika. Shida ya Kibera ilikuwa kusikika sana kwa midomo ya wengine. Kila mgeni aliyetua Nairobi na kamera alipitia reli ya Kibera kwanza. Kwa miaka mingi watu waliandika kwamba hapo wanaishi watu milioni moja, wengine wakaongeza, hadi sensa ya 2009 ikahesabu 170,070. Unaweza kugombana na sensa, na watu waligombana nayo kweli. Lakini ona pengo lenyewe: hesabu ya kwanza ilikuwa ya watu waliotaka Kibera iwe kubwa kadiri ya huruma wanayoomba. Na mwaka huohuo wa 2009 ndipo vijana wa hapo, kupitia Map Kibera, walianza kuchora njia zao kwenye ramani ya wazi ya mtandaoni, kwa sababu kwenye ramani za umma mtaa wao ulikuwa doa tupu. Mtaa uliopigwa picha kuliko yote nchini haukuwa na njia kwenye ramani. Watu walijua sura yake bila kujua namna ya kupita ndani.

Hapo ndipo anaingia Octopizzo, Henry Ohanga wa Kibera. Jina lake la kazi limebeba nane ndani yake, na nane ni namba ya mathree ya Kibera. Hakuna msanii wa Nairobi aliyeibeba namba ya gari kama yeye. Namba Nane ikawa salamu, ikawa kofia, ikawa anwani. Mwaka 2012, mwaka uleule wa Kendrick na Compton yake, akatoa albamu iitwayo Chocolate City.

Jina hilo lina historia nje ya Kenya. Parliament, bendi ya George Clinton, walitoa albamu ya jina hilo mwaka 1975, wakiisifu Washington, jiji kuu la Marekani ambalo wakati huo wakazi wake wengi walikuwa weusi. Kulichukua na kulileta Kibera ni uamuzi mkali kuliko unavyoonekana. Mimi nalisoma hivi. Simama mahali pa juu, utazame chini. Unachoona ni mabati, na mabati ya Kibera yamekula kutu hadi yakawa ya rangi moja ya kahawia kutoka bonde hadi bonde. Picha hiyohiyo imeuzwa kwa kalenda za mashirika kama picha ya uozo. Octopizzo hakuibadilisha hata kidogo. Hakupaka rangi, hakuficha kutu. Alibadilisha tu neno la chini ya picha: kutu ikawa chokoleti. Na neno la pili ni zito kuliko la kwanza. Hakusema kijiji, hakusema makazi duni. Alisema jiji.

Ukishika hilo, majigambo yake yanaanza kuwa na kazi. Watu wengi, hasa wale wanaopenda hip hop ya kuhubiri, walimuona kama mse wa swaga tu: nguo, viatu, maneno makubwa kwa Sheng, Kiingereza na Dholuo. Lakini mtaa ambao umezoeshwa kunyoosha mkono ukianza kujigamba, hilo ni badiliko la sarufi. Mtu anayejigamba haombi. Kilio Cha Haki kilikuwa na msikilizaji aliye juu, Dandora Burning ikamwondoa, na Chocolate City ikamgeuza kuwa mgeni anayehitaji kuonyeshwa njia. Hiyo ni hoja, hata kama imevaa miwani ya jua.

Sasa lawama zangu. Ya kwanza ni kwamba chokoleti ni tamu, na tena inauzwa. Hapa Nairobi chokoleti ni kitu cha supermarket, cha mtoto wa mahali penye geti. Ukiita mtaa chokoleti unauokoa kutoka kwa huruma, lakini unauweka kwa rafu. Atakuja mtu mwingine wa kununua. Ya pili ni nzito zaidi. Kibera si moja. Kuna Makina, Laini Saba, Gatwekera, Kianda, Lindi, Soweto, Silanga, na nyingine, na kila moja ina watu wake, lugha zake za nyumbani na vidonda vyake. Albamu ya matanga ya Eastlands ilikuwa na sauti nyingi kwa sababu ilijua mtu mmoja hawezi kulilia mtaa mzima. Albamu ya nyota mmoja inalazimika kufanya mtu mmoja kuwa mtaa. Anapopaa, tunasema Kibera imepaa. Je, ni kweli? Stage ya nane bado iko palepale, na tope lake.

Kwa haki yake, nadhani albamu yake ya 2016 ndiyo jibu zuri kwa lawama hiyo ya pili. Inaitwa Refugeenius. Aliifanya na wasanii vijana wa kambi za Kakuma na Dadaab, kwa ushirikiano na UNHCR. Ujanja ni uleule wa chokoleti: chukua neno ambalo mashirika hulitumia kukuweka kwa faili, lipindue kidogo mkiani, litoke likiwa sifa. Mkimbizi anakuwa gwiji. Safari hii nyota amesogea kando na maiki zimeenda kwa wengine. Na kumbuka ilitoka mwaka gani. Mei 2016 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba itafunga Dadaab, na ilikuwa hadi Februari 2017 ndipo Mahakama Kuu ikasema hapana. Kutoa albamu hiyo katikati ya hiyo miezi ilikuwa ni kusema: hawa watu mnaotaka kuwafukuza, hebu kwanza wasikilizeni.

Wengine waliona ametoka nje ya mada, ameacha Kibera akaenda kutafuta Turkana na Garissa. Mimi naona hakutoka hata hatua moja. Kibera yenyewe ilianzishwa na watu walioambiwa si wa hapa. Wanubi, askari wa jeshi la mkoloni na familia zao, walipewa makao huko mwanzoni mwa karne ya 20, na jina lenyewe linatoka kwa neno lao kibra, yaani msitu. Halafu kwa vizazi wakaishi kama wageni kwa ardhi ambayo babu zao walifyeka. Hati ya jamii, ya ekari 288, walipata mwaka 2017. Mtaa ambao mzizi wake ni swali la nani ni mwenyeji, una kila sababu ya kutoa albamu kuhusu wakimbizi. Hiyo, kwangu, ndiyo dhana iliyokomaa: kuanza kwa namba ya mathree yako, ukaifuata hadi ukakuta mtu mwingine anayeulizwa kitambulisho.

Lakini kuna jambo lazima tuliongee, na najua halipendezi. Kijana wa Kibera au Kawangware akisikia neno dhana kwa Kiingereza, mara ya kwanza huwa si kwa muziki. Hulisikia kwa ofisi ya shirika, akiambiwa aandike ile karatasi ya kurasa mbili inayoeleza wazo lake, lengo, walengwa na bajeti. Tunaiita konsepti noti. Kilio Cha Haki ilikuwa na mkono wa Mholanzi. Refugeenius ilikuwa na mkono wa shirika la Umoja wa Mataifa. Sisemi hivyo kuzishusha. Nimeshaeleza kwamba soko letu halilipii wimbo wa saba kujibu wimbo wa pili, kwa hivyo mwenye kulipia ni lazima atoke nje ya soko. Bila hao, pengine tungebaki na nyimbo moja moja tu.

Ila pesa ina sikio. Mfadhili analipia dhana ambayo inaweza kuandikwa kwa kurasa mbili: amani, vijana, ukimwi, uchaguzi bila vurugu. Hawezi kulipia kumi na mbili za kuchanganyikiwa. Hawezi kulipia albamu nzima kuhusu mse mmoja aliyekosana na landlord na hatimaye wote wawili wakawa na makosa. Ndiyo maana nyimbo nyingi za mradi huisha zikiwa na somo, na hip hop yenye somo mwishoni huzeeka haraka kuliko viatu vyeupe mtaani. Swali la kumuuliza msanii wetu si kama alipokea doo. Swali ni: ndani ya albamu kuna wimbo hata mmoja ambao mfadhili hangeuelewa? Kama upo, dhana ni yake. Kama haupo, ni ripoti iliyopigiwa biti.

Basi tuje Kawangware, kwa sababu mimi husikilizia hapa. Kutoka kwetu hadi Kibera si mbali, unakata Ngong Road tu. Lakini ni dunia mbili kwa jinsi zinavyosimuliwa. Kibera ina picha nyingi mno. Sisi tuna kama mbili, na zote ni za uchaguzi. Januari 2008 mitaa yote miwili iliungua. Huko Kibera vijana waling'oa hata reli. Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, kamera zikaja Kawangware tena, siku chache, zikaenda. Ukitafuta sisi ni akina nani wakati hakuna kura, inabidi utupate kwa watu wenyewe: fundi wa Gatina, mama anayeuza omena Kabiro, makanga wa Congo ambaye anajua abiria wake kwa viatu.

Na tuna namba yetu. Forty-six. Hii namba, kama ingepata albamu yake, ingekuwa na kitu ambacho nane haina. Mathree ya 46 inapita Hurlingham na Valley Arcade, inakwaruza ukuta wa Lavington, ndipo inafika kwetu. Ndani ya gari moja kuna mwenye kufulia na mwenye kufuliwa, ingawa huyu wa pili siku hizi ana Uber. Saa kumi na moja asubuhi barabara hiyohiyo imejaa watu wanaotembea kwa mguu kwenda kwa nyumba za watu, na jioni wanarudi wakiwa na mkate. Albamu ya 46 haingekuwa ramani ya mtaa. Ingekuwa safari. Wimbo wa kwanza giza, Congo. Wimbo wa nne getini, soja anauliza unaenda kwa nani. Wimbo wa saba jikoni mwa mwenye nyumba. Wa mwisho tena Congo, giza lingine, nauli imepanda kwa sababu mvua imenyesha. Hapo hata deejay akikata wimbo katikati, msikilizaji angeuliza: na yule mama alifika?

Nasema haya si kwa wivu wa mtaa, na hapa ndipo hasa ninapotaka kufika. Dhana ya mtaa ina sumu ndani yake ambayo hatuizungumzii. "Hapa ni kwetu" ni mstari mzuri kwa maiki. Ni mstari huohuo uliopita mlango kwa mlango mwaka 2008, Kibera na Kawangware, kuuliza nani anaishi humu na jina lake la pili ni nani. Mwanasiasa hajui kurap, lakini anajua kuwakilisha. Anajua kuwa ukiwaambia vijana mtaa ni wao, hatua inayofuata ni kuwaambia nani si wa mtaa. Kila albamu inayojenga fahari ya namba ya mathree inapita karibu na huo moto. Refugeenius ilielewa hilo ikageuka upande mwingine, ikafungua mlango. Albamu nyingi za mtaa hazigeuki. Zinaishia stage.

Kuna kazi moja ya Kibera ambayo mimi huiweka kwa rafu hiyohiyo ya albamu, ingawa haina biti. Wakati wa zile siku za 2008, mchoraji Solomon Muyundo, anayejulikana kama Solo 7, wa kikundi cha wasanii cha Maasai Mbili, alichukua rangi akazunguka Kibera akiandika ujumbe wa amani kwa kuta, kwa milango ya mabati, popote palipobaki. Ujumbe uleule, tena na tena, kwa mkono uleule. Angalia umbo lake. Ni kiitikio kimoja kilichorudiwa katika mtaa mzima, na beti ni zile nyumba zenyewe, iliyoungua na iliyopona, ya mtu wa jina hili na ya mtu wa jina lile. Hakuna ukuta uliosema hapa ni kwetu. Ilibidi utembee ndio uimalize. Na hukuweza kuicheza ovyoovyo, kwa sababu kila njia uliyoshika ilikupitisha kwa aliyeteseka.

Hicho ndicho kipimo changu sasa, nikipewa flash disk na kijana yeyote wa andagraundi akiniambia ana albamu ya dhana. Siulizi kama mtaa wake umetajwa. Utakuwa umetajwa. Naangalia vitu vitatu. Kwanza, nyimbo zinahitajiana? Nikiondoa moja, kuna nyingine inayochechemea? Pili, kuna mtu mwingine ndani yake mbali na msanii, mtu mwenye makosa na jina la utani na sababu zake, hata kama ni karao? Tatu, mlango uko wapi? Yaani, mimi wa 46 nikishuka stage ya nane ndani ya hiyo albamu, kuna mahali pa kukaa ama nitaulizwa kitambulisho?

Kilio Cha Haki inapita swali la pili kwa ushindi, kwa sababu ya wingi wa watu. Dandora Burning inapita la kwanza, kwa sababu moto hauishi hadi albamu iishe. Chocolate City inayumba kwa la pili lakini jina lake peke yake limefanya kazi ambayo vitabu vya utafiti havikuifanya. Refugeenius inapita la tatu kuliko zote, na inapoteza kidogo kwa la kwanza, kwa sababu mradi hupenda kila mtu apate zamu yake, na zamu si hadithi.

Wewe ambaye uko Gatina, au Kabiro, au Stage 2, na una daftari: hiyo safari ya 46 bado haina mwenyewe. Mimi siwezi kurap, nilijaribu nikachekwa. Chukua. Na ukimaliza wimbo wa mwisho, ule wa giza na mvua, usiufunge na somo. Mwache mama ashuke Congo na mkate wake, makanga aite tena abiria, gari ligeuke lirudi tao.